Zimwi Aliyekuwa na Kiu

Siku ile ya Rusayl nnaikumbuka kuanzia asubuhi yake, mwanangu, na kila nikiikumbuka hasira hunipanda upya. Sehemu kubwa ya hasira hiyo ni yangu mimi juu ya nafsi yangu. Iliyobaki ni juu yako wewe, Raya, na utaipata nikifika mwisho. Weka hiyo simu chini ukae. Ijumaa niliondoka kwenye upigaji picha wako bila ya kuaga, na baba yako ananambia unauliza Shangazi Thureya kaudhika na nini. Basi leo nnakujibu.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Wazee wangu walinileta Maskati kutoka Unguja nikiwa mdogo, nikasoma Kiarabu hapa hapa mpaka nikawapita wenye lugha yao kwa kuandika insha, na tokea hapo nikajiona nimemaliza. Nilijua kuandika, na nilijua kwamba najua. Hilo la pili ndilo lililoniharibu.

Kulikuwa na kijana mmoja, Hilali, ametoka kusoma filamu nje, ana kampuni ya watu sita na kamera ya kuazima. Alipata kazi ya kutengeneza mchezo wa televisheni wa majini na mazimwi, uoneshwe mwezi wa Ramadhani, kila siku kisa kimoja. Akaniomba niuandike. Tulikodi ghala Rusayl, kwenye viwanda nje ya mji, baina ya kiwanda cha vigae na stoo ya mabomba, tukajenga ndani yake kijiji cha mbao nyembamba, na chemchemi ya karatasi ya plastiki yenye pampu iliyokuwa ikikohoa. Hatukuwa na kitu. Mchezo wenyewe ulikuwa wa Kiarabu, lakini nyuma ya kamera tukigombana kwa Kiswahili, maana karibu sote tulikuwa watu wa Unguja na Pemba.

Kisa nilichojivunia zaidi kilikuwa cha zimwi linalokaa kwenye chemchemi ya falaji, ule mfereji unaopeleka maji mashambani. Wanakijiji wakija kuteka, linawaua. Mwisho anatokea kijana shujaa, analichoma mkuki, basi. Zimwi langu halikuwa na jina, wala halikuwa na neno hata moja la kusema. Kwenye karatasi niliandika: linanguruma. Ukurasa wa pili: linanguruma zaidi.

Wa kulicheza tulimpata pale pale Rusayl. Ami Suwedi, tulivyomwita kwa heshima, alikuwa dereva wa gari la maji, mtu wa Pemba, amepindukia hamsini, mrefu hata akiingia mlango wowote huinama kwanza kwa mazoea. Hilali alimuona akijaza tangi letu, akamuuliza kama anapenda kuonekana kwenye televisheni. Ami alicheka, akasema mpaka mkewe akubali. Kesho yake alikuja na kanzu ya Ijumaa, kaipiga pasi.

Tukamvisha godoro. Sikutanii. Bi Rukia, mshonaji wetu, alikata magodoro mawili ya sifongo, akayabandika vipande vya zulia jeusi kwa gundi, na kichwa kikawa cha mpira chenye matundu mawili ya macho. Zipu ya mgongoni ilikufa siku ya mwanzo, kwa hivyo kila asubuhi Bi Rukia akimshonea Ami ndani kwa sindano ya magunia, na kila jioni akimfumua. Kiyoyozi nacho kilikuwa na kelele, sauti ikiharibika, basi kila kamera ikianza kazi tukikizima. Mwezi wa Juni, Rusayl, chini ya paa la bati. Wewe Juni ya hapa unaijua kwa kuitazama dirishani.

Siku ya mwanzo kabisa, kabla hajashonewa, Ami alinijia na karatasi zangu mkononi, kazikunja vizuri kama barua ya serikali.

"Bi Thureya," alinambia, na yeye alikuwa na umri wa kunizaa, "samahani, nimesoma. Huyu bwana anataka nini?"

"Bwana gani, Ami?"

"Huyu wa kwenye chemchemi."

Unaona? Mimi nikisema zimwi linanguruma, yeye akisema huyu bwana. Nilimjibu kwamba halitaki kitu, ni zimwi. Akafikiri kidogo, akauliza tena, "Sasa kwa nini haondoki pale? Maji yenyewe hayanywi. Nimetazama karatasi zote, hapana mahali anapokunywa."

Nilicheka, mwanangu. Wallahi nilicheka mbele yake, kisha nikenda kuwahadithia wenzangu kwenye chai, nao wakacheka, na tokea siku ile tukampa jina: Ami Anataka Nini. Tukimwita hivyo usoni mwake. "Ami Anataka Nini, njoo ushonewe!" Naye akija, akisimama ameipa sindano mgongo. Mara mbili nyengine aliniuliza swali lile lile, na mara ya mwisho nikamwambia, "Ami, wewe vaa ungurume. Ya kuandika niachie mimi."

Nimekutajia maneno hayo kama nilivyoyasema. Sikuyapunguza ukali ili unipende.

Siku yenyewe tulikuwa tunapiga tukio la mwisho, la mkuki. Hilali alilirejea mara saba. Mara mkuki unapinda, kwa sababu ulikuwa wa plastiki. Mara yule kijana shujaa anasahau maneno yake. Kila mara kiyoyozi kinazimwa. Mara ya nane Ami alinguruma, akapiga hatua mbili, akasimama. Akanyanyua mkono wa kulia, juu kabisa, kiganja wazi.

"Ahsant, vyema!" Hilali alipiga kelele kwa furaha. "Zidisha, zidisha!"

Mkono ule haukuwamo kwenye karatasi. Mimi ndiye niliyeandika, na mimi ndiye niliyekuwa nimekaa na karatasi mapajani nikifuata mstari kwa mstari. Ghala zima hapana aliyekuwa na njia ya kujua isipokuwa mimi kwamba mkono ule ni wa Suwedi dereva, si wa zimwi. Nilijua, na nilinyamaza. Nilinyamaza kwa sababu ulikuwa unapendeza kwenye kamera, kwa sababu tulikuwa tumechoka, kwa sababu nikikatiza itabidi tuanze tena. Ulikaa juu kama muda wa kusoma sura ya Alhamdu kwa haraka. Kisha akaanguka kifudifudi.

Wa mwanzo kumfikia alikuwa Bi Rukia. Bibi wa miaka sitini, mguu mmoja mbovu, alivuka ghala lote na mkasi wake mkononi, akamgeuza, akaikata ile nguo kuanzia shingoni mpaka tumboni, akakivua kichwa cha mpira akakitupa kule. Mvuke ulitoka. Uso wa Ami ulikuwa wa kijivu na midomo imepasuka. Tukammwagia maji ya chemchemi yetu ya uongo, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa karibu. Wanaume wakambeba, Hilali akamkimbiza hospitali kwa gari lake.

Mimi nilibaki nimeshika karatasi. Bi Rukia alikuwa kakaa chini, juu ya sifongo iliyokatwa, kanga yake imerowa. Nikasema, nnafikiri nilitaka nami nionekane nna huruma, "Masikini, kwa nini hakusema?"

Bi Rukia akaniangalia. "Alisema kwa mkono."

"Mimi sikujua kama..."

"Ulijua! Mimi nilikuwa nyuma yake, namuona mgongo tu, nikadhani ndivyo ulivyoandika. Lakini uso wako nikiuona. Ulibadilika, kisha ukainamia karatasi." Hakupandisha sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mtu mzima kakujia kwa adabu zake, kakuuliza mara tatu, huyu bwana anataka nini. Ukamfanya mzaha, ukatupa na sisi tumcheke. Umemwandika mtu hana haja hata moja duniani, Thureya, mpaka wewe mwenyewe ukaamini hata kiu hana."

Sasa nina miaka zaidi ya aliyokuwa nayo Bi Rukia siku ile, na maneno yake bado nnayasikia.

Ami alipona, alhamdulillahi. Walimtia dripu, akalala siku mbili. Lakini nguo ilikuwa imekwisha, na ya kutengeneza nyengine hatukuwa na uwezo. Hilali alimwambia Bi Rukia aunge vipande. Bi Rukia akatia mkasi, sindano na nyuzi ndani ya kikapu, akafunika, akakaa juu yake. "Nimshonee nani?" akauliza. Hilali hakuthubutu kumnyanyua.

Nikenda nyumbani kwa Ami, Sib, kumwomba radhi. Nakwambia ukweli wote: radhi ilikuwa nusu ya safari. Nusu ya pili nilikwenda kwa sababu sikuwa na zimwi wala sikuwa na mwisho wa kisa changu. Hata siku ile bado nilikuwa namhitaji kuliko nilivyokuwa namjali. Nilimkuta kakaa kwenye mkeka, plasta mkononi. Mkewe alileta chai, akaiweka, akaondoka bila ya kunijibu salamu. Nilipoanza kusema yangu, Ami alinikatiza, akaniokoa na aibu, na mimi sikustahiki kuokolewa.

"Nimelala hospitali nikimfikiria huyu bwana," alisema. "Mimi nnaona ni mlinzi."

"Mlinzi wa nini, Ami?"

"Wa maji. Kuna watu walimweka zamani, wakamwambia kaa hapa mpaka turudi. Kisha wakahama, na hapana aliyemwambia. Basi kila akisikia nyayo anadhani ndio wao, wamekuja kumwambia kazi imekwisha. Anatoka mbio kuwapokea. Nao wakiuona ukubwa wake wanachomoa panga."

Nikamuuliza kayatoa wapi. Alisema alipokuja Omani mara ya mwanzo aliajiriwa Quriyat kulinda mbao na saruji za mkandarasi mmoja. Mkandarasi akaacha kazi, akarudi kwao, na hapana aliyemkumbuka mlinzi. Alikaa miezi mitano, akila kwa huruma ya wavuvi. "Nilikuwa nikiwafukuza watoto wa watu kwa mawe, mwanangu," alinambia. "Watoto wadogo. Kwa ajili ya mbao za mtu asiyejua kama nipo."

Nilikiandika kisa upya pale pale kwenye mkeka wake, nyuma ya karatasi zile zile, naye akinisahihisha. Nikiandika neno kubwa, akisema, "Hasemi hivyo huyu." Na kweli, akilisema yeye kwa mdomo, nikilisikia kwamba si la mlinzi.

Tukakipiga. Ami alivaa kikoi chake kikuukuu, Bi Rukia akampaka jivu mabegani, basi. Akakaa juu ya jiwe. Shujaa na mkuki wake tuliwatoa. Aliyekuja chemchemini alikuwa Asila, mwigizaji wetu msichana, na ndoo kichwani.

"Wamekutuma?" Ami alimuuliza.

"Nani?"

"Walioniweka hapa."

Asila akaitua ndoo. "Hapana aliyenituma. Nna mtoto ana kiu."

Ami alimtazama, kisha akatazama njia aliyojia, kama kwamba huenda nyuma yake kuna mwengine. Halafu akasogea, akampisha. "Teka," akasema. "Na ukiwaona, waambie nimelinda."

Dakika sita. Hapakuwa na mpira wala moshi wala kamba za kumrusha mtu hewani. Milango ya ghala tuliiacha wazi, malori yakipita nje yanasikika, na Hilali aliyekuwa akipiga makelele kwa kila sauti hakuyasikia. Bi Rukia aliondoka juu ya kikapu chake akaja kusimama ubavuni kwa kamera, kajishika kidevu.

Kisa kile kilipoonyeshwa, watu wa Maskati walikizungumza mpaka Idi. Wanawake wakinisimamisha sokoni Matrah kuniuliza, "Hivi wale waliomweka walirudi?" Wanaume wakimsimamisha Ami kwenye vituo vya petroli, wakimpa mkono, wakimwambia khalas, mzee, kazi imekwisha, nenda kapumzike. Katika visa vyote vya mwezi ule, vyenye moto na mabawa, hicho ndicho walichokumbuka.

Hapo ndipo ningependa kumaliza, lakini nitakuwa nnakudanganya. Hilali alihojiwa na gazeti, akasema kumvua zimwi nguo ulikuwa uamuzi wake wa kisanaa. Na ile orodha ya majina ya mwisho wa mchezo, niliyeipiga taipu nilikuwa mimi. Hilali aliniambia nafasi haitoshi, tuweke waigizaji, yule dereva ataelewa. Nikaipiga bila ya jina lake. Mara hii hapakuwa na joto, wala kamera iliyokuwa ikizunguka, wala haraka yoyote ya kujitetea nayo. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti, nimekwisha kufunzwa na Bi Rukia, na nikanyamaza mara ya pili.

Ami hakuniuliza. Alirudi kwenye gari lake la maji, na akinikuta akinisalimia vile vile. Hilali alipomwita tena awe zimwi jengine, alijibu mkewe hakubali.

Alifariki miaka mingi baadaye. Nilikwenda matangani, nikajitambulisha kwa binti yake mkubwa. Akasema, "Aa, wewe wa televisheni! Baba alituhadithia aliwahi kucheza mlinzi." Hakuwaambia zimwi, mwanangu. Alisema mlinzi. Na hapana hata mmoja nyumbani mule aliyewahi kukiona kisa chenyewe. Walikuwa hawajazaliwa au wadogo, na kanda ilishafutwa ikarekodiwa kitu chengine. Nikakaa kwenye mkeka wa wanawake nikawasimulia zile dakika sita, neno kwa neno. Binti akalia, akafurahi, kisha akaniuliza, "Na jina lake lilitoka?" Nikamjibu. Mpaka leo sijawahi kusema neno zito kama lile "hapana".

Sasa nakuja kwako.

Mchezo wako wa kwenye mtandao una mbingu nzuri. Hizo rangi unazozitia kwa kompyuta sisi tungezifia. Lakini mchawi wako kaua watu kuanzia sehemu ya mwanzo mpaka ya nne, na nilipokuuliza Ijumaa kwa nini anaua, ulinambia, "Shangazi, ni mchawi tu." Ukacheka, na binamu zako wakacheka. Nikakitambua kicheko hicho. Ni changu.

Na uchawi umempa nani? Neema. Msichana wa Tanga anayefanya kazi nyumba ya jirani yenu, kaja kukusaidia siku yake moja ya mapumziko. Mko vijana kumi pale, watoto wa ukoo mmoja, na katika wote jicho lako limemuona yeye kuwa ndiye wa kutisha. Usinambie imetokea hivyo tu. Unajua kwa nini umemchagua, na mimi najua. Mama yangu, bibi yako wewe, aliyekulea mgongoni, alikuwa na rangi ile ile ya Neema. Mtoe kwenye picha iliyopo ukutani kwenu, mtazame, kisha uje unambie mchawi ana sura gani.

Mlikuwa ndani mnakula biriani penye baridi. Yeye kakaa nje kwenye ngazi na udongo wa uchawi mliompaka usoni, kwa sababu akitafuna utapasuka. Nilikaa naye. Nikamuuliza, "Mwanangu, huyu mchawi wako ana shida gani?"

"Sijaambiwa, bibi," alinijibu. "Nimeambiwa nicheke tu."

Hakuwa analalamika. Alinijibu kama mtu anayeulizwa saa. Nikasimama nikaondoka, maana ningebaki ningekuaibisha mbele ya wenzako, na nilitaka kukuaibisha hapa, peke yetu.

Basi sikiliza, nikuwekee wazi. Kukosa fedha si tatizo lako. Mwenye fedha anaweza kutengeneza kisa kisicho na mtu ndani yake, akakificha kwa moto na majumba yanayoporomoka. Sisi hatuna pa kujificha, na hiyo ni bahati yetu. Kabla hujatafuta udongo wa kumpaka mtu, jua yule anayemcheza anataka nini, kakosa nini, anamngoja nani. Ukishindwa kujua, mfute, hajawa tayari kuwamo. Usimweke mtu kwenye kisa chako kwa kazi ya kuogopwa tu, kwa sababu ukizoea kuandika hivyo utazoea na kutazama hivyo, na wa kwanza kuumia ni yule aliye karibu nawe asiye na sauti. Akikujia mtu kukuuliza juu ya huyo anayemcheza, hajayadharau maandishi yako. Kayasoma kuliko ulivyoyasoma wewe. Kaa naye. Ukiona mkono usioujua, simamisha kila kitu, picha nzuri iende zake. Na jina la mtu aliandike mwenyewe kwa mkono wake kwenye karatasi yako, kamili na la babake, nawe ulitie kama lilivyo.

Neema umwombe radhi kabla hujamwomba kitu chengine. Akisema hataki tena, umshukuru na uridhike. Akisema anataka, mkae mle chakula pamoja, yeye aseme na kalamu ishike wewe.

Bado nna hasira na wewe, na sitakwambia imekwisha wakati haijesha. Lakini dua sikunyimi. Mwenyezi Mungu akupe jicho linalomuona mtu, akupe ulimi usiokwama panapotakiwa neno, akuepushe na kazi nzuri iliyosimama juu ya mgongo wa mwenzio. Na akujaalie ufike uzee wangu bila ya radhi unayodaiwa na mtu aliyekwisha kuzikwa. Amin, mwanangu. Amin.